Siku Florentine Alipokataa Kumwachia Mwanawe

Mwaka Florentine aliporudi kalasi, mji mzima wa Baraka, pale kando ya ziwa, ulicheka. Usiniambie hawakucheka, nilikuwepo. Mama mzima, miaka arobaini na kitu, amevaa sare nyeupe na bluu, amekaa benchi moja na vijana ambao ndevu zao zilikuwa bado zinaomba ruhusa ya kutoka! Walicheka sokoni, walicheka kanisani, na mashemeji zake walicheka mpaka wakasahau kwamba visamaki vya ndagala walivyokuwa wanakula vilitoka kwenye kikapu chake.

Yeye alipiga kola yake pasi na kusema, "Mi niliacha masomo kwa sababu ya kukimbia, si kwa sababu ya ujinga."

Na ni kweli. Vita vilimkuta yuko mwaka wa tano wa sekondari, akavuka ziwa pamoja na wengine, akaishi kambini ng'ambo, Tanzania. Huko akaolewa, huko akazaa. Aliporudi alikuwa mjane mwenye watoto, na mtoto hali daftari. Akauza samaki. Mtoto akitaka viatu, mama anatembea na ndala. Samaki akiwa mmoja, mama anasema leo hana njaa. Ndivyo miaka ilivyokwenda, mpaka mwanawe wa kwanza, Dieumerci, akapanda milimani kukaa kwa bibi yake Fizi-Centre na kuanza shule ya ufundi kule. Likizo moja, Florentine alipomwona kijana anafungua redio mbovu na kuifunga ikiimba, wivu ukamkamata. Ndiyo, wivu, tuuite kwa jina lake. Akajiandikisha shule ya ufundi ya Baraka, upande wa umeme. Akaanzia ule mwaka wa tano alioachia, na wakati wa mambo haya alikuwa wa sita, mwanawe wa tano.

Sasa, kwenye shule ile kulikuwa na Mwalimu Darius, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuuza ng'ombe. Darius hakuamini kwamba umeme unafundishwa kwa ubao. "Kitu kikianguka mbele yako," alikuwa anasema, "utajua kwa nini kilikuwa kinaruka." Ndiye aliyeleta mambo ya mashindano ya droni, vile vindege visivyo na rubani. Kila mwanafunzi anaunda yake: mikono minne, mota nne, kamera ndogo kama punje ya hindi. Analehemu nyaya mwenyewe, anavaa miwani inayomwonyesha kile kamera inachokiona, halafu, vidole vikiwa kwenye vijiti vya rimoti, anairusha kupitia malango kama aliyekaa ndani yake. Na sheria ya Darius ilikuwa moja: aliyevunja ndiye anayetengeneza.

Florentine alivunja kuliko wote. Ebo! Hata kuku wa jirani wakimwona amevaa miwani walikuwa wanahama. Alivunja pangaboi, alivunja mikono ya plastiki mpaka akiba ya shule ikaisha, vijana wakaanza kumlalamikia. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alitafuta mianzi mikavu, akaichonga, akaifunga kwa uzi wa nyavu, droni yake ikasimama tena. Ilikuwa nzito kuliko za wenzake. Kwenye njia iliyonyooka wote walimpita, tena wakicheka. Basi akasema, kama siwezi kuwapata kwenye unyofu, nitawangoja kwenye kona. Akajifunza kona jioni baada ya jioni, akiiinamisha mashine hadi karibu iguse nguzo, mpaka wale vijana waliokuwa wanacheka wakaanza kukaa pembeni kuangalia vidole vyake.

Mashindano yalipotangazwa, shule zikaitwa: za Baraka, ya Fizi-Centre, ya Swima, na moja ya vijana wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Zawadi haikuwa kikombe. Ilikuwa nafasi ya mafunzo mjini Kalemie, miezi sita, kujifunza droni zinazopima mashamba na kupeleka dawa mahali ambapo barabara imekatika. Nafasi moja tu. Florentine aliitaka ile nafasi mpaka ikamnyima usingizi. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni. Baada ya hapo, kilichomngoja kilikuwa kile kikapu cha ndagala.

Tatizo ni kwamba kijana mmoja wa Fizi-Centre naye aliitaka vilevile, na kijana huyo alikuwa wa tumbo lake.

Kabla ya siku yenyewe, mtu wa megafoni alizunguka mitaani kuwaambia watu wasiogope, kwa sababu siku hizi kuna droni za vita, na sauti ya namna ile angani haimpi mtu raha. Uwanja wa mpira ukazungushiwa nyavu kuukuu za wavuvi, zimetundikwa juu ya miti mirefu, ili droni ikipotea njia isimkate mtu uso. Malango yalikuwa ya mianzi iliyokunjwa, yamevikwa vipande vya kitenge. Watu walijaa! Wengine walikuja kuangalia mashine, lakini wengi, tusidanganyane, walikuja kumwangalia mama wa sare.

Wakamwangalia. Aliwatoa vijana wa Swima, akamtoa yule hodari wa Lusenda kwa kona moja tu, na upande wa pili Dieumerci alikuwa anafagia kila aliyesimama mbele yake. Saa ya fainali ilipofika walibaki wawili uwanjani, mama na mwana. Kelele zilizopigwa pale zilisikika mpaka kwenye mitumbwi.

"Mama, ujikaze," Dieumerci akamwambia huku akivaa miwani, anacheka.

"Ujikaze wewe," Florentine akajibu. Akavuta miwani yake machoni.

Mwalimu Darius akashusha bendera. Mizunguko mitatu. Mwana akatoka kama aliyechomwa. Mashine yake ilikuwa nyepesi na kwenye unyofu hakuna aliyeiweza. Mama akamfuata. Kona ya kwanza akapunguza pengo, ya pili akamkaribia, ya tatu akapenya kati ya mwanawe na nguzo, akawa mbele. Uwanja ukalipuka.

Ndipo Mama Pulchérie, kiongozi wa kwaya ya bamama, mwanamke mwenye kifua cha kuimba bila kipaza sauti, akasimama na kupaza: "Mama Dieumerci! Muachie mutoto!"

Bamama wenzake wakadaka kama wimbo. "Muachie mutoto! Muachie mutoto! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi!"

Ndani ya miwani Florentine hakuona mtu, aliona malango tu. Lakini masikio hayakuvaa miwani. Moyo ukamwambia: kweli, wewe ni mama gani? Umemwachia samaki, umemwachia viatu, Kalemie ndiyo utamnyima? Kwenye kona ya tatu ya mzunguko wa pili, kidole chake kikalegea. Kidogo tu. Dieumerci akapita, na bamama wakapiga vigelegele.

Vile vigelegele vilimchoma. Havikuwa vya kumshangilia mtoto, vilikuwa vya kumrudisha yeye jikoni. Hasira ikampanda, hasira safi ambayo hakuwa ameionja tangu ujana wake. Mchelea mwana kulia hulia yeye! Nafasi ile aliitaka, aliifanyia kazi, vidole vyake vina makovu ya kulehemu. Akasukuma kijiti mpaka mwisho.

Mzunguko wa tatu. Kwenye unyofu alibaki nyuma. Kona ya kwanza, akala nusu ya pengo. Ya pili, akamshika mkia. Ya tatu, Dieumerci alifungua kidogo upande wa ndani, na mama akaingia pale ambapo hata nzi angeomba nafasi. Mkono wa mwanzi ukakwaruza nguzo, droni ikayumba, ikasimama sawa, ikavuka lango la mwisho mbele ya mwanawe kwa upana wa kiganja.

Florentine akatupa miwani. Akaruka, mama yule! Akaruka na sare yake, akapiga kelele, "Nimeshinda! Mimi Florentine, nimeshinda!" Vijana wa kalasi yake wakavunja mstari, wakambeba juu juu, na Mwalimu Darius akawa anapiga makofi na kulia kwa pamoja bila aibu yoyote.

Dieumerci alibaki amesimama, uso chini. Alipokuja, watu wakampisha, na vijana wakamshusha mama yake chini.

"Mama," akasema polepole, "kona ya tatu, muzunguko ya pili. Ulinipa njia."

Florentine angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Nilikupa, papa," akasema, akimwita kama alivyokuwa anamwita utotoni.

"Mi nilifurahi. Nilisema, leo nimemuweza mama. Kumbe ulinipa." Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Ningeenda Kalemie na kitu yako, nikifikiri ni yangu. Usinifanyie tena vile."

"Unisamehe," Florentine akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Sitakufanyia tena."

"Mwaka kesho nitaitafuta mwenyewe. We nenda."

Mama Pulchérie alikuwa amefika, amejishika kiuno, jasho linamtoka. "Weee, Mama Dieumerci! Moyo yako iko ya jiwe? Namna gani unamushinda mutoto mbele ya watu?"

Dieumerci akamgeukia kabla mama yake hajafungua mdomo.

"Mama Pulchérie," akasema, "hapa hapakuwa mutoto. Palikuwa bashindani wawili, na mi nimeshindwa na fundi."