Darasa Nililolitoa Kwenye Sinia la Pilau

Jumapili iliyopita nilialikwa harusi ya binamu yangu pale Kaole, na mdomo wangu nao ukajialika.

Tulikaa mkekani watu wanne kwa sinia moja la pilau, sote kanzu na kofia. Ukivaa hivyo, haijulikani nani bosi na nani muuza mkaa. Mzee mmoja aliyenielekea akaniuliza kwa upole ninafanya kazi gani.

"Bado natafuta, mzee wangu. Nimeomba kuandika programu za kompyuta, nimeomba na kampuni ya uwekezaji, ile inayotafutia wafanyabiashara mitaji."

"Ipi ngumu kuipata?"

Mtu mwenye akili angesema hajui. Mimi nikakunja mkono wa kanzu nikatoa darasa.

"Programu ndiyo ngumu! Unakalishwa mbele ya kompyuta, wanakutazama unavyotokwa jasho. Kwenye uwekezaji hakuna mtihani wowote. Unatakiwa uwe na suti na mjomba, basi!"

Sinia zima likacheka. Mzee akacheka kuliko wote, akanisogezea mnofu mnono. Nikaula.

Jana asubuhi nikaingia kwenye usaili wa ile kampuni ya uwekezaji, Dar, nimevaa suti ya kuazima. Nyuma ya meza, katikati ya wasaili, alikaa yule mzee wa harusini, safari hii na tai shingoni.

"Shikamoo," nikasema, sauti ikitoka nusu.

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama kuanzia kola hadi viatu. "Suti tumeiona. Mjomba umemwacha wapi?"