Kipimahuruma cha Mochwari

Ukoo wetu una nyuso za kununa. Si hasira, ni maumbile tu: nyusi zimeshuka, mdomo umefungwa, na kwenye picha za harusi upande wetu unaonekana kama umekuja kutoa ushahidi mahakamani. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeurithi uso huo kamili bila kupunguziwa. Bahati nzuri alipata kazi ambayo uso wake haukumsumbua mtu. Anakaa kwenye dirisha la mochwari ya hospitali kubwa, pale ndugu wanapokuja kuchukua mtu wao.

Kazi hiyo ameifanya miaka mingi na ana namna yake. Hatamki "maiti" wala "mwili". Husema, "Baba yenu yuko tayari," au, "Dada yako wanamalizia kumvalisha." Karatasi za kutia sahihi hazitoi mpaka mtu akae kwenye benchi na anywe maji. Anayetaka kulia analia, na shangazi huangalia pembeni akipanga kalamu ambazo tayari zimepangwa. Mhudumu wa chumba cha baridi, ambaye hospitali nzima inamwita Friji, humtania kila siku. "Wateja wangu hawajawahi kulalamika, dada. Kelele zote ziko upande wako."

Kisha kikaja kipimahuruma.

Kilikuwa kamera ndogo yenye kioo, ikafungwa kwenye kila dirisha la huduma. Kinautazama uso wa mhudumu, kinautazama uso wa mteja, halafu kinawasha taa: kijani kama huruma ipo, njano kama ni ya wastani, nyekundu kama hakuna. Mkurugenzi alieleza kwenye kikao kwamba wagonjwa maskini wamedharauliwa kwa muda mrefu hapa hospitalini, jambo ambalo ni kweli, na kwamba sasa sayansi itasimama upande wao. Wafadhili wakapiga makofi. Akaongeza kwamba mikataba mipya ya wafanyakazi itatolewa kwa kufuata alama.

Mtaalamu wa kifaa, kijana mwenye adabu na begi zuri la mgongoni, alisema hakina ubaguzi hata kidogo.

"Kimefundishwa kwa nyuso za watu wa rangi zote, kutoka mabara yote."

"Na waliofiwa walikuwemo?" Friji akauliza.

"Walikuwemo wahudumu wa ndege, wauzaji wa madukani, watu wa mapokezi hotelini. Watu wa huduma."

"Basi sawa," Friji akasema. "Abiria wangu nao wanasafiri wamelala."

Mwezi wa kwanza dirisha la mochwari lilishika mkia. Kifaa kilimwona shangazi amenuna, kikawaona wateja wake wanatokwa machozi, kikahitimisha kwamba huduma imewaudhi. Aliyeongoza alikuwa karani wa malipo, tunayemwita Bwana Meno. Huyo Mungu alimpa tabasamu bila kumuuliza atalitumia wapi. Yeye hulitumia kuwaambia watu kwamba hawamchukui marehemu wao mpaka deni la hospitali liishe. Kijani, kijani, kijani.

Shangazi akapelekwa kwenye semina ya huruma, na wa kumfundisha kwa vitendo akawa huyo huyo Bwana Meno.

"Vuta pembe za mdomo, dada yangu. Juu. Juu kidogo. Hapo sasa umekaa kama unataka kuniuma."

"Ndicho nilichokuwa nakiwaza," shangazi akasema.

Nyumbani kwetu, anakoishi, alifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Asubuhi moja baba alifungua mlango, mswaki mdomoni, akaufunga mlango taratibu na kumfuata mama jikoni.

"Dada anaumwa jino?"

"Muache," mama akasema. "Anasomea huruma."

Tulicheka mpaka chai ikapoa, lakini yeye hakuwa kwenye mchezo. Mkataba wake ulikuwa unaelekea kuisha, na umri wake si wa kuanza kuzungusha vyeti maofisini. Tena, ukiacha mshahara, analipenda dirisha lile. Ni jambo ambalo sisi nyumbani tunalijua na hatuwaambii wageni, kwa sababu ni vigumu kulieleza likaeleweka.

Siku aliyoamua kulijaribu tabasamu, alikuja mzee mmoja peke yake, kofia mkononi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Alikuja kumchukua mkewe. Shangazi alimwambia, "Karibu, baba," akavuta pembe za mdomo kama alivyofundishwa.

Mzee akamtazama. Pole pole uso wake wote ukabadilika. Macho yakafunguka, mabega yakainuka, akaukamata ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

"Amezinduka?" akauliza.

Taa ya kijani ikawaka.

Shangazi hajatusimulia alimjibu nini. Alisema tu kwamba alitoka kule ndani, akaenda kukaa karibu naye, na wakakaa hivyo mpaka watu wengine walioingia wakaondoka wenyewe bila kuambiwa. Jioni ile hakukaribia kioo cha bafuni.

"Kama ni kunifukuza, wanifukuze na uso wangu," alimwambia baba. "Ule mwingine siuvai tena."

"Na kazi je, dada?"

"Nimeshasema."

 Lakini tuliona shangazi alivyoanza kukunja sare zake za kazi vizuri kuliko kawaida, kama vitu vya kurudisha kwa mwenyewe.

Hawakumfukuza. Ripoti ya mwezi ilipotoka, ilionekana kwamba hakuna uso wa mteja uliowahi kung'aa mbele ya kipimahuruma kama ule wa mzee kwenye dirisha la mochwari. Mkurugenzi akaitisha kikao, akawakalisha wafadhili mbele, akaonyesha picha mbili kubwa za mzee yule: moja ameinamisha kichwa, ya pili ameshika ukingo wa dirisha, anang'aa.

"Tazameni kabla, tazameni baada," alisema. "Hii ndiyo huruma ikifanywa kitaalamu. Mama, hebu njoo utuambie ulimwambia nini."

Shangazi akasimama na uso wake wa siku zote.

"Sikumwambia kitu. Nilitabasamu, akadhani mke wake amefufuka."

 Bwana Meno alikuwa akitabasamu, lakini yule hawezi kujizuia. Mtaalamu akaandika kitu, akakifuta. Katika wafadhili, mama mmoja mtu mzima akavua miwani na hakuivaa tena. Mkurugenzi akatangaza kwamba chai iko tayari.

Kwenye chai akamfuata shangazi na mkataba mpya mkononi.

"Sitii sahihi mpaka kile kitu kitoke dirishani kwangu," shangazi akasema.

"Hakiwezi kutoka, mama," mkurugenzi akanong'ona. "Wafadhili wenyewe wanavihesabu."

"Basi kigeuzwe kitazame kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Ukutani."

Mtaalamu akaitwa, akafikiri, akasema kiufundi hakuna tatizo lolote. Kesho yake alikuja mwenyewe na bisibisi, akakigeuza kifaa, Friji akimshikia kiti. Alipomaliza alisimama kidogo mbele ya shangazi kama mtu aliyesahau jambo. Akasema, "Samahani, mama," akaondoka haraka.

Tangu hapo kipimahuruma cha mochwari kinautazama ukuta. Ukuta haununi wala haulii, kwa hiyo unapata njano, mwezi hadi mwezi. Wastani. Umeshalipita dirisha la dawa na mapokezi ya wajawazito, na juzi, kwa alama za ukuta, shangazi amepewa mkataba mwingine. Friji anasema mwenendo ukiwa huu, ukuta utapandishwa cheo kabla yao wote.

Shangazi anapanga kalamu. Ana watu dirishani.