Upande wa Kushoto wa Wawira

Ukumbi wa kanisa letu pale Ishiara ulinuka ndengu. Baada ya mavuno waumini walileta magunia ya sadaka, yakapangwa ukutani mpaka yakaziba dirisha, na vumbi lake likakaa hewani hadi koo likawasha. Katikati ya magunia hayo tulikuwa na meza ya kuchezea mpira wa meza, mbao mbili za plaiwudi zilizolazwa juu ya madawati, na wavu wa kipande cha chandarua kuukuu. Nilikuwa darasa la sita. Dada yangu Wawira, aliyenizidi miaka mitano, ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa sekondari yao, nami nilikuwa na kichwa kigumu na hamu moja tu, kumshinda hata mara moja kabla hajamaliza shule. Mwaka ule sikutaka kitu kingine, nasema kweli.

Alikubali kunifundisha lile pigo la upande wa kiganja linaloufanya mpira uzunguke ukienda, uvuke wavu, kisha uzame ghafla. Kila jioni tukitoka shule tulikuwa pale. Mimi nilipiga kama mtu anayeua nyoka, na mpira ukaishia kwenye magunia. "Pangusa, usipige," Wawira alinirudia mpaka nikachoka kumsikia. Alinishika kiuno akakigeuza, akanionyesha mkono unavyoanzia chini karibu na goti, unavyopanda ukiusugua mpira kwa nyuma, na unavyokomea karibu na paji la uso. Nguvu itoke kiunoni, si begani. Niungoje mpira udunde na ufike juu kabisa ndipo niuguse, lakini mimi nilikuwa na haraka zangu. Halafu kulikuwa na lile vumbi. Raba ya raketi ikilishika inateleza, na mpira hauzunguki hata ufanyeje, kwa hiyo tuliifuta kwa kiganja chenye mate, maana maji ya Ishiara si ya kuchezea.

Siku moja pigo likakubali. Mpira ulivuka wavu, ukazama, ukachomoka kwa kasi upande wa kushoto wa Wawira, naye hakuugusa. Kesho yake akakosa mitatu ya namna hiyo. Kabla ya mwezi kuisha nilimshinda kumi na moja kwa nne, nikazunguka kwa majirani wote nikitangaza. Mama aliniambia niwache maringo, sikuwacha. Nilikuwa nimegundua siri yangu. Mpira ukienda kushoto kwake, mbali kidogo, hanyooshi hata mkono. Tangu hapo sikupiga kwingine. "Sasa umeiva, Marigu," aliniambia akitabasamu, nami nikavimba kichwa. Hata jioni alipojikwaa kwenye gunia lililokuwa pale pale tangu mavuno, nilimcheka nikamuuliza kama ameanza kuzeeka. Naye alicheka.

Muhula ulipokuwa ukielekea mwisho alitumbukia kwenye mtaro wa shule mchana kweupe. Mama akampeleka hospitali Meru mjini, nami nikafuatana nao. Daktari, mama mmoja mpole, alimpima kwa muda mrefu, kisha akatueleza kwamba ni presha ya macho. Haiumi, alisema, inakula kingo za macho polepole, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ingezuia kilichobaki tu, na kama angeletwa miezi michache mapema kingebaki kingi. Akauliza kama hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuona kwamba msichana huyu haoni kushoto. Mama akasema hakuna. Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe je? Si mnacheza pamoja?" Nikatazama sakafu, nikatikisa kichwa.

Leo mimi ni mwalimu kule Mikinduri. Watoto wangu wa mpira wa meza wana meza ya kweli na raketi za dukani, na makosa yao ni yale yale yangu, haraka na nguvu za bega. Nawafundisha kama Wawira alivyonifundisha. Ila mtoto akikosa mpira wa upande mmoja mara tatu, nasimamisha mchezo, namziba jicho moja baada ya jingine na kumuuliza anaona vidole vyangu vingapi. Wao hucheka, hudhani mwalimu ana vituko. Wawira anaishi na mama, anasuka vyondo kwa kupapasa, na jicho la kulia limemwachia mwanga wa kumwonyesha mlango ulipo. Hana kinyongo na mtu, na hilo ndilo linaloniumiza. Likizo iliyopita wageni wa kanisa walikuja nyumbani, akanishika mkono akanitambulisha kwao kwa fahari kubwa. "Huyu mdogo wangu," akasema, "alinishinda nikiwa bado naona vizuri kabisa." Wageni wakanipigia makofi. Nami nikawashukuru.