Bibi Aliyeuliza Kama Nimelala

Jumamosi, saa nane mchana, tena jua likiwaka. Naanza na saa ili usije ukasema niliota. Sikuota. Aliyelala ni Atupele, siyo mimi, na hapo ndipo penye kisa.

Atupele ni binti wa mama mkubwa, huku Tukuyu. Mimi nimekulia Nyololo kwa baba, Mbena, kwa hiyo Kinyakyusa changu ni cha kuombea maji. Likizo iliyopita nilikuwa kwao, tukataka kwenda kuona maporomoko yaliyo nyuma ya msitu. Atupele akaikataa njia ya wageni.

"Inazunguka mno. Tukate hapa kwenye migomba."

"Tukipotea je?"

"Wabena bwana! Hata kupotea mnaogopa?"

Nikamfuata. Mimi na aibu zangu, mtu akinisukuma kidogo tu naenda.

Migomba ikaisha, kijinjia nacho kikaisha, tukawa tunapasua majani yanayofika kifuani. Ukungu ukashuka kama unavyoshuka huku, bila hodi. Atupele alikuwa mbele akiimba. Mara wimbo ukakatika. Nikamwita, lakini kuita kwangu mimi, hata kuku hageuki. Nikafuata mlio wa maji.

Kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko, katikati ya manyunyu, bibi mmoja alikaa juu ya jiwe akimenya ndizi mbichi. Kitenge chake kikavu kabisa. Kila ganda alilotupa majini lilipanda maporomoko, likaenda juu. Niamini, niliyaona kwa macho yangu.

Wewe ungekimbia? Mimi nikiogopa, adabu ndiyo inatangulia. Nikapiga goti: "Mugonile, bibi."

Salamu hiyo wanaitumia hata mchana, na maana yake ni "mmelala?" Mtu mzima unamwambia hivyo kama vile ni wengi, kwa heshima tu.

"Tumelala, mjukuu wangu," akajibu. Na nyuma ya maji sauti nyingi, hata za watoto, zikaitikia, "Tumelala! Tumelala vizuri!" Zikacheka. Bibi akaniangalia. "Na wewe, umelala?"

Jibu la kila siku ni "ee". Mdomo ulishafunguka. Ndipo nikaona raba za Atupele nyuma ya jiwe. Alikuwa amejinyoosha kwenye ukoka, anakoroma, midomo imepauka kwa baridi.

"Mwenzako alijibu ee," bibi akasema, akimwonyesha kwa kisu. "Tunamtandikia."

Kumkatalia mtu mzima? Mimi? "Hapana, bibi. Sijalala. Na huyo alijibu kwa mazoea tu, naomba nimwamshe."

"Kwa sauti hiyo? Hata mbu haamki!"

Kule nyuma ya maji wakaangua kicheko. Nikavuta pumzi, nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao: "ATUPELEEE! AMKA!"

Akakurupuka. "Kelele za nini, wewe? Usingizi ulikuwa mtamu!"

Nilimkokota kwa mkono bila kujibu. Nilipogeuka, jiwe lilikuwa tupu, maganda bado yanapanda.

Mpaka leo Atupele husinzia popote, kanisani, darasani, hata akiwa amesimama anasonga ugali. Yeye anacheka tu. Mimi sicheki sana. Kwa hiyo nakuonya: ukikuta mtu kwenye maporomoko yale, msalimie kwa Kiswahili. Shikamoo haina kitanda ndani yake.

Na asubuhi iliyofuata? Mama mkubwa alitugongea mlango: "Mugonile?" Atupele, kichwa ndani ya blanketi, akaanza, "E..." Hakumaliza. Nilimmwagia ndoo nzima ya maji ya baridi, yeye na godoro. Mama mkubwa alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Nami nikasimama mlangoni mbele yao wote, nikamjibu kwa sauti:

"Tumeamka!"