Nilimwambia Shemeji Abandike Viraka

Siku wezi walipoingia kwenye seva ya shemeji yangu, mimi nilikuwa nimeshamwonyesha mlango waliopitia. Nilimweleza na namna ya kuufunga.

Nilimwambia ukweli mtupu. Na ndivyo nilivyomkomoa.

Ngoja niwaeleze.

Kampuni ile tuliianza mimi na dada yangu, sebuleni kwa mama, tukiwatengenezea watu tovuti. Dada anatafuta wateja, mimi nashika mitambo. Tovuti zote zilikaa kwenye seva moja tuliyoikodi nzima, mashine ya peke yetu, hatuchangii na mtu.

Kisha dada akaolewa. Mume akaja na suti zake, akajipa cheo cha Mkurugenzi. Siku moja nikamkuta amekalia kiti changu, nikacheka nikidhani utani.

Kumbe mwenzangu hatanii.

Bwana huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakutaka seva izimwe. Aliwatambia wateja kwamba mashine yetu haijawahi kulala, na ukutani akatundika skrini ya kuhesabu siku.

Sasa, kila mwenye kazi hii anajua habari ya viraka vya usalama. Tundu likigunduliwa kwenye kiini cha mfumo, yaani kile kinachoendesha mashine yote, watengenezaji wanatoa kiraka. Unakibandika, unazima, unawasha upya. Usipowasha upya, kinakaa tu kama dawa iliyobaki kwenye chupa.

Mimi nikabandika, nikawasha upya. Tovuti zilipotea kwa muda wa kuchemsha chai, zikarudi. Mkurugenzi akaona hesabu yake ya ukutani imeanza sifuri.

Alinifukuza mbele ya wafanyakazi wote. Alisema nimezima seva kwa wivu, kwa kuwa dada yangu ana mume na mimi sina. Dada alikuwa amesimama pale pale mlangoni, anaangalia viatu vyake.

Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Moyoni nikaapa kwamba huyu nitamlipa.

Basi mchana mmoja napiga pasi, simu ikaita. Mkurugenzi. Sauti imepoa, salamu ndefu, mara mama hajambo, mara nimewatupa. Mwisho akafika kwenye shida yake. Limetangazwa tundu jipya, baya kweli. Fundi aliyemwajiri baada yangu ameacha kazi, na yeye anaogopa akizima mashine haitaamka. Akauliza abandike viraka au aache.

Jamani, nilikaa kitandani kwanza. Mtu aliyenifukuza kwa kuzima seva ananiuliza kama aizime. Raha niliyoisikia siwezi kuwaficha.

Nikampa ukweli wote. Achukue nakala ya kila kitu, abandike leo leo, azime, awashe. Itaamka, ile mashine naijua.

Ila nilimjua mtu wangu. Anadhani kila mtu ana roho kama yake. Kwa hiyo nikalainisha sauti, nikatia na kicheko kidogo.

"Bandika tu, shemeji yangu kipenzi," nikamwambia. "Zima bila wasiwasi. Mimi nakuombea mema."

Ukweli ule niliusema kwa sauti ya mwongo, makusudi kabisa.

 Akashukuru harakaharaka, akakata. Nikajua hata kwa mtutu wa bunduki habandiki.

Na kweli hakubandika.

Wezi waliingia wiki ile ile. Wakafuta tovuti zote, na nakala hakuna. Wenye shule wakaja juu, wenye maduka wakaja juu, wateja wakahama. Rafiki yangu aliyebaki ofisini akanisimulia jinsi Mkurugenzi alivyoshika kichwa kwa mikono miwili. Nikamwomba anisimulie tena, polepole. Siku hiyo nilikula, nikaongeza.

Kesho yake mlango ukagongwa.

Dada. Ana begi, macho mekundu. Mumewe amemfukuza nyumbani. Nikamuuliza kwa lipi, wakati seva ameiua mwenyewe?

"Alitaka kubandika," dada akasema. "Simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia yote. Mlipomaliza akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Alikuamini."



"Mimi ndiye niliyemshika mkono," akaendelea. "Nilimwambia namjua mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Akianza kumwita mtu kipenzi, ameshamchimbia shimo."

Akanitazama. "Kwani ulikuwa unamwambia ukweli?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

Mimi nina mdomo, waulizeni majirani. Siku ile nilipokea begi lake tu, nikaliingiza ndani.

Msinielewe vibaya. Yule bwana sijamsamehe, na nikisikia ameanguka tena nitauliza kaangukia wapi ili nikaone. Lakini yeye ana suti zake na nyumba yake. Aliyetolewa kwenye ndoa yake ni dada yangu, na kosa lake ni kunijua vizuri.

Kwa hiyo wewe unayenoa kisu cha kisasi, angalia kwanza nani amesimama karibu na adui yako. Na ukweli ukiusema ili usiaminiwe, usije ukajipongeza kwamba hukudanganya.

Dada bado yuko kwangu. Nikimwambia chakula kiko tayari, ananitazama usoni kwanza, ndipo anainuka.