Vidole Viwili vya Fundi Ubwa

Fundi Ubwa Himid ana vidole vinane, na ukiuliza mtaa mzima wa Mkunazini kwa nini, kila mtu atakupa jibu moja: alisahau kuzima feni. Watakwambia bila ya ubaya, huku wakicheka kidogo, kama watu wanavyomsimulia mtu wao. Tatizo ni kwamba si kweli, na aliyeitunga habari hiyo ni Ubwa mwenyewe.

Feni zake si hizi za kuning'inia darini, ambazo kila mwenye bisibisi mjini anajiona fundi wake. Ni zile kubwa za viwandani na za majikoni, zinazovuta moshi na joto na kuvitupa nje kwa bomba la bati. Huko pwani, Kiwengwa na Matemwe, mahoteli yanamjua. Jiko moja huko hupikia watu mia tatu, na feni ikisimama dakika kumi tu wapishi wanatoka nje wanakohoa. Ubwa hufunga mota, hupitisha nyaya, hukaza mikanda, hutia grisi beringi. Huiweka ncha ya bisibisi juu ya beringi na mpini wake sikioni, akasikiliza, akasema, "Hii ina mwezi mmoja." Wageni hudhani anajigamba. Mwezi ukifika wanampigia simu.

Ana taratibu zake, na hapo hana mchezo na mtu. Kabla hajatia mkono kwenye feni huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli jekundu, na ufunguo huutia mfukoni mwake yeye, si mwa meneja wala mwa mlinzi. Kisha huzipima nyaya kwa testa, na testa yenyewe huijaribu kwanza kwenye waya wenye umeme, maana testa iliyokufa hukwambia kila waya umekufa. Halafu huyafunga mapanga ya feni kwa kamba, kwa sababu hata umeme ukiwa haupo, upepo wa pwani unatosha kuyazungusha. Meneja mmoja alipata kumuuliza kwa kejeli kama anadhani hoteli yake ina wezi wa swichi. Ubwa akamjibu, "Kufuli hili halimtuhumu mtu. Linamsaidia anayesahau."

Maneno hayo ameyasema kisiwa kizima, isipokuwa mahali pamoja. Kwenye tanuri la mikate la Mzee Mmanga hajapata kufunga kufuli hata siku moja.

Mzee Mmanga ni baba mkwe wake. Ni mtu wa ukoo uliokuwa na mashamba ya karafuu, na babu yake Ubwa alikuja kutoka Bara kuzichuma karafuu hizo hizo. Ubwa alipopeleka posa ya Mize, wajomba walitikisa vichwa na mashangazi wakanuna. Mzee Mmanga akawaambia, "Mimi namuozesha binti yangu mtu, simuozeshi babu yake mtu." Basi, mambo yakaisha. Ubwa hakuisahau siku ile, wala hakuna aliyetarajia aisahau.

Ajali ilitokea miaka ishirini na tatu nyuma, mtoto wao wa kwanza, Shadya, hajatimiza hata arobaini. Ubwa alibonyeza kitufe chekundu cha feni ya mkwewe akapanda darini kukaza mkanda. Enzi hizo hakujua kama kuna makufuli ya kazi hiyo. Kwake kuzima kulikuwa kuzima. Mzee Mmanga akarudi kutoka msikitini. Alikuwa na desturi moja, na anayo mpaka leo: akiingia, kabla hajakaa, mkono wake hupita ukutani ukabonyeza kitufe cha kijani, kama mtu avuavyo viatu mlangoni, bila ya kufikiri. Kupitia tundu la dari Ubwa aliiona kofia ikisimama chini ya swichi, kofia ya viua aliyoishona Mize kwa mkono wake. Akataka kupiga kelele. Mkanda ukamuwahi, ukamchukua kidole cha pete na cha mwisho, mkono wa kushoto.

Mzee alikuwa ameshatoka nje kupokea gari la unga. Aliyekimbia kuizima feni ni Kheir, mkandaji unga, aliyekuwa bado kijana mgeni wa kazi.

Hospitali Mzee Mmanga alikaa ubavuni mwa kitanda, akasoma Yasini hadi mwisho, kisha akauliza, "Imekuwaje, mwanangu?" Ubwa akasema, "Nilisahau kuzima, baba."

Maneno yalitoka yenyewe. Sisi watu wa hapa tumelelewa hivyo: aibu ya mwenzio iliyofika mbele yako, ifunike, na Mungu atakufunikia yako. Ubwa alimfunika mzee wake, na kwa muda mrefu moyo wake ulipoa kila alipolikumbuka jambo hilo. Halikuwa bure. Wateja wawili watatu walimkimbia, nani atamtaka fundi wa kusahau. Mke wake naye hakumwacha. Kila wakitoka nyumbani, Mize humuuliza, "Jiko umezima, au leo pia?" Ubwa hucheka. Mwanzoni kicheko kilikuwa kinauma, baadaye kikazoeleka.

Pale tanurini alijitafutia njia yake. Kufuli mbele ya mkwe lingekuwa tusi, basi kila akienda kufanya kazi aling'oa fyuzi tatu kimya kimya, akazitia mfukoni, akamaliza, akazirudisha. Kheir, ambaye kila mwezi hupanda kufuta masizi kwenye mapanga, Ubwa alimwambia mara moja afanye vile vile. Kheir akauliza kwa nini, na Ubwa akasema, "Uzima tu, ndugu yangu." Kheir alizing'oa mara mbili, akaona usumbufu, akaacha. Ubwa alijua kwamba ameacha. Akajiambia kwamba Kheir mwepesi, ana masikio, na Mungu yupo.

Mwaka huu chumvi ya bahari ilikuwa imeshaila bodi ya umeme ya zamani, na feni nayo imechoka. Mzee Mmanga, ambaye sasa ana miaka themanini na moja na bado anakwenda tanurini kila siku, akaamua vibadilishwe vyote kabla ya Ramadhani. Bodi mpya ikafungwa. Haina fyuzi za kung'oa. Ina swichi za wenzo, ambazo hata mtoto anaweza kuzisukuma juu. Feni mpya ni kubwa mara mbili ya ile ya mwanzo. Na aliyepewa kazi ya kuifunga ni Shadya, mjukuu wa mzee, ambaye alisoma umeme kwenye chuo cha mafunzo ya amali na sasa anafanya kazi pamoja na baba yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Alimwambia kila mteja kwamba feni yake inafungwa na mjukuu wake, na ambaye hakuuliza aliambiwa pia.

Walianza saa nne asubuhi, mikate ya alfajiri imeshatoka na ya jioni haijaingia. Mota ilikuwa imeshapandishwa na nyaya zake zimeshaungwa. Shadya aliiwasha kwa kufumba na kufumbua, akatazama mapanga yanazungukia wapi. Yalikuwa yanazunguka kinyume, yangeurudisha moshi ndani badala ya kuutoa. Hilo si ajabu kwa mota ya nyaya tatu za moto. Unabadilishana nafasi za nyaya mbili na mambo yanakaa sawa. Lakini lazima upande tena na utie mikono ndani.

Akazima swichi kuu, akatoa kufuli jekundu kwenye mkoba wake, akalifunga.

Mzee Mmanga alikuwa amesimama nyuma yake. "Hilo la nini?"

"Kufuli babu, mtu asije akawasha mimi niko juu."

"Mtu nani?" Mzee alisema taratibu, na waliomjua waliacha kukanda. "Hapa tupo mimi na watoto wangu. Unamfungia nani?"

"Simfungii mtu babu. Ndiyo sheria ya kazi."

"Baba yako kafanya kazi hapa miaka chungu nzima, hajanifungia kitu. Muulize."

Shadya akamgeukia baba yake. Alikuwa na haki ya kumtazama vile, kwa sababu sheria yenyewe alifundishwa naye. Ubwa akaitazama sakafu.

Mzee Mmanga akalainika. Hakupenda kumgombeza mjukuu wake mbele za watu. Akavuta kiti cha plastiki, akakiweka chini ya bodi, akakaa. "Fungua, mwanangu. Mimi nitakaa hapa hapa mpaka utakaposhuka. Unataka mlinzi gani kuliko babu yako?"

Wafanyakazi wakacheka kwa nafuu, na Shadya naye akacheka, kwa kuwa jibu lilikuwa zuri na aibu imeondoka. Akafungua kufuli. Akapanda ngazi, wakaona miguu yake tu, halafu hata miguu ikaingia darini.

Ubwa alibaki anautazama mkono wa mzee. Ulikuwa umelala pajani, mkono wa mtu mzima wenye madoa, umetulia. Adhana ya adhuhuri haikuwa mbali. Mzee angeondoka kwenda kuswali, angerudi, kitufe kisingeitika, na mkono ule ungeisukuma swichi kuu juu bila ya kumuuliza mwenyewe ruhusa.

"Shadya," Ubwa akaita.

"Naam, baba."

"Shuka."

"Sijamaliza, baba."

"Shuka, nimekwambia."

Hakungoja aone uso wake. Alipoisikia miguu yake kwenye ngazi alimwinamia mkwewe, akamwomba waingie stoo ya unga wazungumze kidogo. Mle ndani, kati ya magunia, hakukaa.

"Baba, siku ile ya mkono wangu, nilikuwa nshaizima."

Mzee Mmanga akamtazama.

"Niliizima kwa mkono wangu. Ulirudi kutoka msikitini ukaiwasha. Hukujua. Niliiona kofia yako."

Kule nje mtu aligonga sinia. Mzee aliukunjua mkono wake wa kulia, akautazama kama kitu alichokiokota, akaukunja tena.

"Mize anajua?"

"Hajui mtu."

"Miaka ishirini na tatu."

"Naam, baba. Nilitaka kukusitiri."

Ubwa alikuwa amejiandaa kwa mambo mawili. Ama mzee angemkasirikia kwa kuifunua aibu uzeeni, ama angemshukuru kwa kuifunika muda wote ule. Kwa yote mawili alikuwa na la kusema. Lakini mzee aliuliza, "Nani anapanda kufuta masizi?"

"Kheir."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na mimi kila siku napita pale nabonyeza." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Ungenambia, Ubwa. Ningelia mwaka mzima, lakini mkono huu ungejifunza adabu. Umenisitiri mimi, ukawaacha wao wazi."

Zile fyuzi alizokuwa akizitia mfukoni zilimlinda nani? Ubwa mwenyewe, peke yake. Kheir alipewa nusu ya habari, na nusu ya habari haimshiki mtu mkono. Akaona, pale pale, kwamba sehemu kubwa ya ule wema wake ilikuwa woga: hakutaka kuwa mkwe wa Bara aliyemtia mzee aibu, akina mjomba wakapata la kusema. Aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Mzee Mmanga akatoka stoo. Hakuketi. Aliwaita wote, wakaja na mikono yao ya unga, na Shadya akasimama chini ya ngazi.

"Baba yako hakusahau," mzee alimwambia Shadya, lakini kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Alizima. Mimi niliwasha. Vidole vyake nimevikata mimi, na leo nimejiweka mlinzi wako." Akainyoshea kidole bodi. "Funga kufuli lako. Atakayeliona tusi, na aje kwangu. Na mimi nifungie kama unavyowafungia wengine. Jioni nakuja kwenu, nataka kumwambia mama yako mwenyewe."

Kisha akamwendea Kheir, akamwomba radhi. Kheir, mtu wa miaka arobaini na kitu, hakujua aiweke wapi mikono yake. Alisema "Hapana, mzee, hapana," mara nyingi.

Shadya akafunga, akajaribu testa, akapima, akapanda. Hakumtazama baba yake, na Ubwa hakumlaumu. Alizibadilisha nyaya, akashuka, akafungua kufuli kwa ufunguo wake, akawasha. Safari hii mapanga yalizunguka upande unaotakiwa. Tanuri likaanza kuwashwa kwa mikate ya jioni.

Ubwa alikuwa ameinama anakusanya spana Kheir alipomjia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anapangusa unga viganjani taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Fundi, wewe ulikuwa unajua kama nshaacha kuzitoa zile fyuzi?"

"Nilijua," Ubwa alisema.

Kheir akangoja kidogo, kama mtu anayedhani kuna jibu jingine linafuata, kisha akarudi kukanda.