Miguu ya Chuma kwenye Paa la Msellem

Msellem na jua hawakupatana, na sababu ilikuwa kazi. Alizaliwa Tabora, akahamia Maskati na wazazi wake akiwa kijana, na mwaka 1979 akaingia kituo cha umeme kusafisha vichujio vya hewa. Kufika miaka ya tisini alikuwa anakaa mbele ya meza ya vidhibiti, anaendesha mitambo ya gesi iliyowasha taa na viyoyozi vya nusu ya mji.

Mitambo ile ilivuta hewa, ikachoma gesi, ikazunguka. Lakini hewa ikipata joto huwa nyepesi, na mtambo hupungua nguvu. Siku za Juni, mtambo wa megawati thelathini ulitoa ishirini na nne, saa zile zile ambazo kila nyumba imewasha viyoyozi vyote. Msellem alirudi kwake Al Khoudh shati limemganda mgongoni.

"Leo jua limetutesa," alikuwa akimwambia mkewe, Mwanamize.

Basi mwaka 2003 binti yao Khawla, mwanafunzi wa uhandisi chuo kikuu, alipotandaza michoro yake kwenye busati, Msellem alicheka mpaka akakohoa.

"Umeme wa jua? Mwanangu, nchi hii ina gesi."

"Gesi ina mwisho wake, Baba. Na jua ndilo linalofanya watu wawashe viyoyozi. Kwa nini lisilipie?"

Msellem aliivuta michoro karibu. Hakuwa amelifikiria hivyo.

Chuo kilimwazima Khawla paneli mbili. Akazilaza juu ya paa, akavuta waya hadi feni ya banda la kuku wa mama yake. Asubuhi feni ilizunguka vizuri, kuku wakajipanga mbele yake. Adhuhuri, wakati Khawla alipotarajia umeme mwingi kuliko wote, mita ilisoma pungufu ya hesabu yake kwa robo nzima. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Khawla akaja kula uso umemshuka.

"Nimekosea hesabu," alisema. "Na wiki ijayo nawasilisha kwa walimu."

Ijumaa, baada ya sala, Msellem alipanda paani, kilemba kichwani, kanzu kaikunja. Akapitisha vidole kwenye kioo, vikatoka na vumbi. Akapenyeza kiganja chini ya paneli, akakitoa mbio.

"Khawla, njoo. Hii inapumua wapi?"

"Nani anapumua, Baba?"

"Paneli yako. Umeilaza juu ya zege la moto, hewa haipiti. Hesabu zako hazina kosa. Hii inaumwa maradhi ya mitambo yangu. Joto."

Khawla akamtazama, kisha akatazama paneli, akaanza kucheka. Kitabuni alikuwa ameyasoma yote hayo. Mkono chini hakuwahi kuutia.

Jioni ile baba na mwana walikata vyuma vya kitanda kibovu, wakaviunga kuwa miguu, paneli zikainuka kiasi cha dhiraa moja, zimeinama kuelekea kusini. Mwanamize aliwashikia ngazi huku akiuliza kama kitanda chake kitarudi. Asubuhi Msellem akazifuta kwa kitambaa chenye maji kabla ya kwenda kazini. Adhuhuri Khawla alimpigia simu kituoni.

"Imepanda, Baba. Feni inavuma, mpaka jogoo kakimbia."

Mle katika chumba cha vidhibiti wenzake walimwona Msellem akipiga meza kwa kiganja, wasijue ana nini.

Siku ya kuwasilisha Msellem alikaa kiti cha nyuma. Mwalimu mmoja aliuliza wazo la miguu lilitoka wapi, na Khawla akanyoosha mkono kumwonyesha babake. Msellem ikambidi asimame. Akaeleza kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Tabora jinsi joto linavyonyang'anya mtambo nguvu, megawati kwa megawati, kwa miaka ishirini na nne aliyoshuhudia. Wanafunzi waliandika.

Khawla alipata alama za juu. Msellem alipata barua: chuo kilimwomba afundishe Jumatano tatu kila mwaka, juu ya kazi za kituo cha umeme. Akashona kanzu mpya nyeupe, akanunua kalamu mbili.

"Mwalimu," Mwanamize alimwita siku ya kwanza, akimwekea chai, "utachelewa."

"Nnakwenda," alijibu, na alikuwa ameshavaa viatu.